Uliza Mzee wa Nyaraka: Baharia wa Devon aliyefia Unguja

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi mzaliwa wa Ng'ambo, Unguja, nimeolewa Uingereza na tunakaa kijiji kidogo huko Devon. Mbele ya kanisa pana mnara wa jiwe wenye majina ya vijana waliokufa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mmoja ameandikwa herufi ya kwanza na jina la ukoo tu, kisha "H.M.S. Pegasus, 1914". Jirani yangu, bibi mtu mzima, ananiambia alikuwa na miaka kumi na tisa na alifia kwetu Unguja. Nilishtuka! Ni kweli? Nianzie wapi kumtafuta, na amezikwa wapi? Mume wangu anataka tukija Disemba tumpelekee maua.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kuhusu Unguja, bibi hajakosea. Kuhusu miaka, tungoje karatasi.

Pegasus ilikuwa manowari kuukuu ya Waingereza, iliyoshushwa majini mwaka 1897. Septemba 1914 ilitia nanga bandarini kwetu, mitambo imechoka, inatengenezwa. Alfajiri ya Jumapili tarehe 20, manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyokuwa ikijificha Rufiji, ikatokea na kuanza kuipiga. Mizinga ya Pegasus haikuwa na masafa ya kujibu. Makombora yake yalikuwa yakidondoka majini kabla ya kumfikia adui. Dakika chache tu mizinga ikanyamaza, na mchana meli ikapinduka. Waliokufa ni 38, ukiwahesabu na wale walioondoka baadaye kwa majeraha.

Sasa kijana wako. Usimtafute kwa jina. Mimi nilifanya hivyo kwa baharia mwingine, nikapoteza wiki mbili kumfuata mtu wa jina hilohilo ambaye kumbe alistaafu mzima na pensheni yake! Tafuta namba yake ya utumishi. Ingia kwenye orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo haina malipo. Weka jina la ukoo, jeshi la majini, na tarehe 20 Septemba 1914. Usipompata, sogeza tarehe mbele wiki kadhaa, maana huenda alifia kitandani. Hapo utapata namba, cheo, na pengine majina ya wazazi. Namba ikianza na J, alikuwa baharia wa sitahani aliyejiunga mwaka 1908 au baadaye. Ikianza na K, alikuwa mchochea makaa, kule chini kwenye moto.

Ukishaipata namba, nenda Nyaraka za Taifa za Uingereza, kule Kew, London, fungu linaloitwa ADM 188. Kwa mtandao utalipa kidogo. Ukurasa wenyewe ni mmoja, lakini nauonea wivu kila mara: tarehe na mahali pa kuzaliwa, kazi aliyokuwa akiifanya kabla, urefu, rangi ya macho na nywele, makovu, hata michoro aliyochanjwa mkononi. Kisha meli moja baada ya nyingine, na tabia yake kwa maoni ya wakubwa. Mwishoni tazama herufi DD. Maana yake ameondolewa kazini kwa kufa. Kama alikuwa askari wa kikosi cha Royal Marines, waliopanda meli kama wanajeshi, si baharia, fungu lake ni ADM 159.

Miaka kumi na tisa ya bibi ipime kwa daftari la ubatizo la kanisa hilohilo, na kwa sensa ya 1901, ambapo unapaswa kumkuta mtoto wa miaka kama sita nyumbani kwao. Na mtu akikuhadithia kwamba kijana huyo ndiye aliyeishika bendera kwa mikono baada ya mlingoti kupigwa, mpe chai umsikilize, lakini usiiandike. Hadithi ya bendera ya Pegasus ilisimuliwa sana Uingereza, na kila kijiji kingependa mkono uwe wa mtoto wao.

Kaburi. Mabaharia 24 wa Pegasus wamezikwa pamoja Chapwani, kile kisiwa kidogo mbele ya Mji Mkongwe ambacho Waingereza wanakiita kisiwa cha makaburi. Ishirini na nne si thelathini na nane, kwa hiyo soma vizuri mahali pa kuzikwa kabla ya kununua maua. Nilipelekwa huko na mjomba wangu, mvuvi wa Malindi, nikiwa na miaka tisa. Makaburi sikuyajali, niliwatazama popo wakubwa wananing'inia mitini mchana kweupe, hadi mjomba akanivuta sikio.

Mkodishe mtu wa mashua pale pwani ya Forodhani, mkubaliane bei ya kwenda na kurudi kabla ya kupanda. Kisiwani pana hoteli, waombeni ruhusa kwanza. Na mwambie mumeo maua ayanunue Darajani asubuhi hiyohiyo. Ya Devon yatafika nyasi. Ukipata ule ukurasa wa Kew, nitumie nakala. Nataka kujua kama alikuwa J au K.