Jibu kwa mdogo wangu wa Tabora aliyekwama sura ya pili

Mdogo wangu, swali lako nimelisoma mara mbili. Unachunguza ukaushaji wa tumbaku na upungufu wa miti Urambo, umepakua machapisho 22, na sura ya pili, yaani mapitio ya machapisho, bado hujaandika hata ukurasa kwa sababu "wote wanasema kitu kilekile". Mimi nami nilikwama hapohapo.

Utafiti wangu ulihusu kupungua kwa dagaa Ziwa Tanganyika. Nimekulia Kigoma, baba mdogo alivua kwa karabai kutoka mwalo wa Kibirizi, na moyoni nilishajipa jibu: wavuvi wamezidi. Sura niliyoipeleka kwanza ilikuwa kila aya na mtu wake. Huyu alisema, yule akagundua, mwingine akaongeza. Msimamizi aliirudisha na swali moja pembeni: "Hawa wanabishana wapi?"

Nikasoma upya, safari hii makala nzima, si ikisiri (ule muhtasari wa mwanzo) tu. O'Reilly na wenzake, mwaka 2003 katika jarida la Nature, waliitaja hali ya hewa: maji ya juu yakipata joto na upepo ukipungua, ziwa halichanganyiki vizuri, virutubisho vinabaki kilindini na chakula cha samaki kinapungua. Walikadiria uzalishaji wa ziwa umeshuka kama asilimia 20, na kwamba mavuno ya samaki yangeweza kushuka kama asilimia 30. Mwaka 2006 Sarvala na wenzake wakapinga: takwimu za samaki wanaovuliwa zinaeleza zaidi mabadiliko ya uvuvi wenyewe. Halafu 2016 Cohen na wenzake wakaja na mashapo ya chini ya ziwa, wakaonyesha mabaki ya samaki yalianza kupungua kabla uvuvi wa kibiashara haujaanza katikati ya karne ya 20.

Makala zote tatu zilikaa kwenye simu yangu wiki nyingi, nami sikujua kuwa zinajibizana! Baada ya hapo nilipanga sura kwa hoja: joto, uvuvi, na aina ya ushahidi. Majina ya waandishi yakaingia ndani ya hoja, mara nyingine watatu katika sentensi moja.

Kwa hiyo chukua daftari, chora jedwali: mwandishi na mwaka, eneo, alipima nini, kwa njia gani, alipata nini, anapingana na nani. Safu ya njia usiiruke hata kama umechoka. Aliyepima msitu kwa picha za satelaiti na aliyewauliza wakulima bani moja, yaani banda la kukaushia tumbaku, linakula kuni kiasi gani hawajibu swali moja, hata wakifikia hitimisho linalofanana. Angalia pia nani anazungumzia kuni za bani na nani anazungumzia msitu unaofyekwa kupata shamba jipya. Miti ni ileile, sababu ni mbili, na nadhani "kitu kilekile" chako kimejificha hapo.

Ukifika kwenye pengo la utafiti, tafadhali usiandike "hakuna aliyewahi kuchunguza". Huwezi kulithibitisha. Taja ulichokipitia, eneo gani na miaka gani, kisha onyesha kilichokosekana humo.

Marejeleo yaandike siku unayosoma. Zotero, programu ya kutunza marejeleo, ni ya bure na inatosha. Na usimtaje mtu uliyemkuta ndani ya makala ya mwingine kana kwamba umemsoma mwenyewe. Mimi nilipofungua chanzo halisi cha mmoja wao, nilikuta amesema karibu kinyume cha nilichokuwa nimeandika, na ilibidi nifute aya mbili.

Makala ikiwa imefungwa kwa malipo, anwani ya mwandishi huwa kwenye ukurasa wa kwanza. Mwandikie kwa adabu, mweleze unasoma nini na wapi. Niliwaandikia wanne, watatu walinitumia faili ndani ya wiki, mmoja akaongeza na makala nyingine ambayo sikuwa naijua.