Barua kwa mwanangu: Madam, unampigia nani?

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema ulikuwa unasimamia mdahalo wa Kidato cha Tatu kuhusu uchaguzi, kijana mmoja wa nyuma akauliza, "Madam, kwani wewe unampigia nani?" Darasa likaangua kicheko, nawe ukajikohoza ukafuta ubao. Sasa unataka kujua kama ulipaswa kumjibu.

Mimi nasema ulifanya vyema kutomjibu, ingawa sababu yangu si ile ya mkuu wako wa shule, kwamba mtumishi wa umma asijichanganye na siasa. Sisi tulioshika chaki miaka ya 1980 tuliambiwa kinyume chake. Chama kilikuwa kimoja, Siasa lilikuwa somo, na watoto walikimbia mchakamchaka alfajiri wakikiimba Chama. Nani angekuuliza uko chama gani?

Sababu yangu niliipata mwaka 1995. Vyama vingi vilikuwa vimeruhusiwa tena mwaka 1992, na huo ndio ulikuwa uchaguzi mkuu wa kwanza: Mkapa, Mrema, Lipumba, Cheyo. Nchi ilichemka, nami nikachemka nayo. Siku moja katika kipindi cha Kiswahili nikawaambia wanafunzi nani anafaa na kwa nini wenzake hawafai. Dakika tano tu. Wiki iliyofuata nikatoa insha kuhusu faida na hasara za vyama vingi.

Madaftari arobaini na kitu, nayasahihisha usiku kwa taa ya chemli, na kila ninalofungua najikuta mwenyewe humo. Hata mzaha wangu kuhusu mgombea mmoja ulikuwamo, neno kwa neno. Kwenye daftari la binti mmoja ukurasa ulikuwa umechanwa. Alikuwa ameandika kwa kukandamiza kalamu, na alama zilibaki kwenye karatasi ya chini. Nikaiinamisha kwenye mwanga: "Mimi sikubaliani na..." Juu ya alama hizo akaandika insha nyingine, safi, inayokubaliana nami. Nilimpa 16 kati ya 20. Aibu ya zile 16 ninayo mpaka leo.

Najua utanitajia Nyerere. Ni kweli, alifundisha shule ya Pugu huku akiongoza chama cha TANU. Lakini mwaka 1955, alipotakiwa achague kimojawapo, aliacha kazi ya ualimu akaenda kuzungumza na watu wazima, ambao hakuwa akiwasahihishia madaftari.

Ila usije ukageuka bubu. Katiba yetu, ibara ya 41, inasema Tume ya Uchaguzi ikishamtangaza rais, mahakama haina mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Hayo si maoni yako, yameandikwa. Wasomee, waache wabishane kama hilo ni sawa, na upande ukielemewa usaidie wewe, hata kama huupendi. Atakayekwambia unafundisha siasa, mwoneshe ukurasa.

Na yule kijana wa nyuma mwambie swali lake umelihifadhi. Amalize Kidato cha Nne, matokeo yatoke, asiwe tena na daftari mezani kwako. Akirudi siku hiyo kukuuliza, mkaribishe chai na umwambie yote.

Mama yako anakusalimu. Anauliza kama ule mchele ulifika.

Baba yako