Kabla hujaandika kumbukumbu ya bendi ya zamani: mfano wa King Biscuit Entertainers

Mgeni wa kazi hii hukimbilia santuri kwanza. Kwa King Biscuit Entertainers, bendi ya blues ya Helena, Arkansas, Marekani, hapo ndipo anapopotea, kwa sababu bendi ile iliishi redioni. Ilianza Novemba 1941 katika kituo cha KFFA, ikidhaminiwa na Interstate Grocery, wauzaji wa vyakula kwa jumla waliotaka unga wao wa ngano uende. Kipindi kilikuwa cha robo saa, kikianza saa sita na robo mchana, vibarua wa mashamba ya pamba wakiwa wamekaa kula. Kilikwenda hewani moja kwa moja, na muziki mwingi wa miaka ile ya mwanzo haukubaki popote. Santuri tulizonazo, Sonny Boy Williamson, mpiga harmonika wa bendi, alianza kuzirekodi mwaka 1951, kwa lebo ya Trumpet ya Jackson, Mississippi. Basi usishike santuri ya 1951 ukaandika kwamba hivi ndivyo bendi ilivyosikika 1941.

Anza na daftari la majina. Chora safu sita: jina kamili, jina la jukwaani, chombo, alipoingia, alipotoka, na nani kasema hivyo. Safu ya mwisho ndiyo watu huiruka, halafu baada ya miezi mitatu hawajui lipi waliambiwa na lipi walilikisia. Bendi hii ilianza na watu wawili tu, Sonny Boy kwenye harmonika na Robert Lockwood Jr. kwenye gitaa; James Peck Curtis wa dramu na wapiga piano Dudlow Taylor na Pinetop Perkins walikuja baadaye. Ukiwapanga wote kwenye mstari mmoja wa "wanabendi", tayari umekosea.

Safu ya jina la jukwaani itakuokoa na kosa kubwa kuliko yote. Akina Sonny Boy Williamson walikuwa wawili. Wa Helena aliitwa Rice Miller. Mwenzake, John Lee Williamson, alirekodi kwa lebo ya Bluebird kuanzia 1937 na aliuawa Chicago mwaka 1948. Kipimo chepesi: rekodi yoyote ya Sonny Boy iliyofanywa kabla ya 1951 ni ya John Lee. Angalia mwaka wa kurekodi, maana matoleo ya baadaye hubandikwa mwaka wa kutolewa tu, tena mara nyingine na picha ya yule mwingine.

Sasa santuri yenyewe. Santuri nyingi za mizunguko 78 kwa dakika ni za sheleki (utomvu mgumu), upana wa sentimita 25, na zinavunjika kama sahani ya udongo. Usizisafishe kwa spiriti hata tone: spiriti huyeyusha sheleki na mifereji inaondoka nayo. Tumia maji yaliyokenekwa, tone moja la sabuni ya vyombo isiyo na manukato, na brashi laini ukifuata mzunguko wa mfereji. Karatasi ya katikati isilowe. Suuza, futa, isimamishe ikauke. Kabla ya kuipiga, iinamishe chini ya taa usome namba iliyochorwa karibu na karatasi hiyo. Namba hiyo hutofautisha rekodi moja ya studio na nyingine ya wimbo uleule, jambo ambalo karatasi haikuambii.

Sindano ya LP, zile santuri ndefu za baadaye, haifai. Ncha yake ina nusukipenyo cha mikroni 18 hivi (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), wakati mfereji wa 78 unataka karibu 76. Iliyo nyembamba hukwaruza chini kwenye takataka, unasikia mchanga badala ya gitaa. Unapoihamishia kwenye kompyuta, rekodi kwa stirio (chaneli mbili) ijapokuwa sauti ni ya mono (chaneli moja), kwa kuwa ukuta mmoja wa mfereji mara nyingi umelika kuliko mwingine, na baadaye utachagua upande uliosalimika. Faili iwe WAV, biti 24, kHz 96, kilele cha sauti kisizidi desibeli -6. Dakika moja hula MB 35 hivi, kwa hiyo wimbo wa dakika tatu unakaribia MB 105. Hiyo ni faili mama, usiiguse. Kelele ziondolewe kwenye nakala, tena kwa mkono mwepesi. Ukizidisha, pumzi ya harmonika nayo inaondoka ukidhani ni mkwaruzo.

Mwendo wa santuri je? Hapa harmonika inakufaa. Mpiga gitaa hukaza nyuzi apendavyo, lakini vyuma vya harmonika vimeshapangwa kiwandani. Wapigaji wa blues kwa kawaida hushika harmonika ya C na kupiga katika G, wakivuta pumzi. Wimbo ukiangukia katikati ya noti mbili, shuku mashine kwanza: santuri ya 78 ikizunguka mara 74, sauti inashuka karibu nusu toni nzima.

Ukiwahoji wazee waliosikiliza kipindi, usianze na "mwaka gani?" Redio ya kila siku huunganisha miaka 20 kuwa mchana mmoja. Uliza nani alikaa kwenye dramu, Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimekwisha au la, na mfuko wa sembe dukani ulikuwa na picha gani. Hilo la mfuko si mzaha: kampuni ilikuja kutoa sembe yenye jina la Sonny Boy, yeye mwenyewe akiwa amechorwa amekalia gunzi la mahindi na harmonika mkononi. Anayeukumbuka mfuko huo hazungumzii mwezi wa kwanza wa kipindi. Mhoji kila mtu peke yake, na picha zako zifiche mpaka amalize, la sivyo atakusimulia picha. Anayezoea kusikiliza kanda za Redio Tanzania za bendi za dansi anaujua ugonjwa huu: jina likishatajwa na mmoja barazani, wote wanalikumbuka.

Maandishi nayo yapimwe, hata ya kwenye jiwe. Sonny Boy alifariki Helena tarehe 25 Mei 1965. Kaburi lake liko Tutwiler, Mississippi, na jiwe lake linasema Juni 23. Katika daftari andika tarehe zote mbili, na mbele ya kila moja ilikotoka.