Mafuta ya pilipili na shea kwa mikono inayouma: ninavyoyapika hapa Arua, Uganda

Mkasi ndio ulionipa habari. Nilikuwa nakata sare za shule, tabaka nane za kitambaa kwa mpigo mmoja, kama nilivyozoea kwa miaka 26 ya ufundi cherehani. Kidole gumba cha kulia kikakataa. Nilikiamuru kifunge mkasi, kikabaki pale pale kinatetemeka, na maumivu yakanishika pale chini gumba linapoungana na kifundo cha mkono. Nikamaliza kukata kwa mikono miwili kama mtoto.

Wiki hiyo ndiyo nilipoitazama mikono yangu vizuri. Kwenye vifundo vya mwisho vya vidole, karibu na kucha, vilikuwa vimeota vinundu vigumu kama punje za mahindi. Nilivijua, kwa sababu marehemu mama alikuwa navyo. Kliniki nikaambiwa gegedu la viungo limelika, nikapewa vidonge vya diklofenaki. Vilisaidia mkono na kuharibu tumbo: mwezi wa pili nilikuwa na kiungulia kisicholala. Hapo ndipo nilipoanza kutafuta kitu cha kupaka badala ya kumeza.

Kabla sijakueleza sufuria, naomba usikilize hili, maana nimeona watu wakiumia kwa kuliruka. Jua kwanza maumivu yako ni ya aina gani. Mafuta ninayoyapika ni ya viungo vilivyochakaa: mkono mkavu asubuhi kwa dakika kumi au ishirini, halafu unalainika ukianza kazi, na jioni unauma tena. Ukiamka mikono yote miwili imevimba, ina joto, na inachukua saa nzima au zaidi kulegea, hiyo ni baridi yabisi ya aina nyingine, ile ambayo mwili unajishambulia wenyewe. Inakula kiungo huku wewe unapaka mafuta, na ina dawa zake hospitalini ambazo zinafaa zikianzwa mapema. Kiungo kilichovimba ghafla usiku mmoja, chekundu, hata shuka ikikigusa unalia, hasa kidole gumba cha mguu, huenda ni jongo. Na ganzi inayokuamsha usiku kwenye gumba, kidole cha shahada na cha kati ni mshipa wa fahamu uliobanwa kwenye kifundo cha mkono. Sisi mafundi tunaupata sana. Huo pilipili haiufungui.

Sasa pilipili. Nilidhani ni mambo ya bibi zetu tu mpaka nilipoelewa inavyofanya kazi, na tangu hapo naiheshimu. Ukali wake unaitwa kapsaisini. Kwenye ncha za mishipa ya fahamu kuna mlango unaofunguka ngozi ikipata joto la kuunguza, na kapsaisini inaufungua mlango huo huo bila moto wowote. Ndiyo maana unahisi kuungua na ngozi haina jeraha. Mwanasayansi David Julius na wenzake huko California waliutambua mlango huo mwaka 1997, na mwaka 2021 akapewa tuzo ya Nobel pamoja na Ardem Patapoutian. Linalotuhusu sisi ni hili: mlango ukigongwa kila siku, mshipa unachoka kupeleka habari za maumivu. Unachoka polepole. Anayepaka mara mbili akaacha, ameonja ukali na hajafika kwenye dawa.

Mahitaji yangu ni machache. Mafuta ya shea, yale yanayokamuliwa kwenye kokwa za mti wa mshea, robo lita. Pilipili kichaa zilizokauka kabisa na kutwangwa, vijiko viwili vya chakula. Tangawizi kavu ya unga, kijiko kimoja. Nta ya nyuki gramu 50. Mafuta ya kalitunsi, yaani mkaratusi, matone kumi, kwa harufu zaidi kuliko dawa.

Shea ya kwetu kaskazini si sawa na ile ya Afrika Magharibi. Ni laini zaidi, na adhuhuri ya Januari hapa Arua inayeyuka yenyewe chupani. Wanawake wa Lango wanaiita moo yao, na nikipata ya Otuke au Lira iliyokamuliwa kwa mkono nainunua bila kuuliza mara mbili. Ichague kwa pua: nzuri inanukia kama karanga iliyokaangwa, iliyochacha inanukia kama sufuria ya juzi. Na ukinunua kwa akina mama hao, mti unabaki na thamani ukiwa umesimama. Mshea unachukua miaka kumi na tano au ishirini kabla ya kuzaa vizuri, na tumeuona ukigeuzwa makaa kwa asubuhi moja. Agizo la Rais la Mei 2023 lilipiga marufuku biashara ya makaa kaskazini. Mimi agizo langu ni kununua mafuta.

Kwa sababu shea yetu ni laini, nta haitakiwi kuwa kidogo. Sehemu moja ya nta kwa tano za mafuta. Ukifuata vipimo vya nchi za baridi utapata mchuzi. Nta ya huku kwetu West Nile ni rahisi kupata kwa wanaorina asali, ila mara nyingi ina mabawa na vumbi, kwa hiyo naiyeyusha kwanza kwenye maji ya moto, naiacha ipoe, kisha nabandua kipande cha juu na kukwangua uchafu uliokaa chini yake.

Kupika kwenyewe ni subira. Sufuria kubwa yenye maji kwenye jiko, bakuli la chuma ndani yake, na mafuta, pilipili na tangawizi ndani ya bakuli. Moto wa makaa machache. Maji yatokote taratibu, mafuta yasitokote kamwe. Saa tatu hivi, ukikoroga kila unapokumbuka na kuongeza maji ya chini yasikauke. Kapsaisini inayeyuka kwenye mafuta, kwenye maji haiyeyuki, ndiyo maana chai ya pilipili haiwezi kufanya kazi ya mafuta haya.

Mara ya kwanza niliona saa tatu ni nyingi, nikaweka sufuria moja kwa moja kwenye moto. Pilipili ziliungua ndani ya dakika chache. Moshi ule ulitutoa nyumba nzima, tukasimama uani tunakohoa na machozi yanatiririka, na Hajati jirani akatuma mtoto aulize nani amepatwa na msiba. Mafuta yenyewe yakawa meusi, machungu, nikayamwaga. Tangu siku hiyo napika nje, upepo ukiwa mgongoni kwangu, na wajukuu wakiwa shuleni.

Mara ya pili nilitumia pilipili mbichi. Kosa jingine. Maji yaliyomo ndani yake yalibaki kwenye mafuta, na wiki ya tatu nikaona madoa ya ukungu chini ya kifuniko. Kila kitu kiwe kikavu: pilipili, kijiko, chupa, hata mikono yako.

Kuchuja natumia kitambaa cha amerikani kipya kilichofuliwa na kukauka, mikunjo miwili. Kamua ukiwa na glavu. Naweka mkazo kwenye glavu kwa sababu ukali unabaki kwenye vidole hata baada ya sabuni, halafu jioni unagusa jicho. Ukishika kwa bahati mbaya, sugua kwanza na mafuta ya kupikia, futa, ndipo uoshe kwa sabuni. Rudisha mafuta yaliyochujwa kwenye bakuli juu ya maji ya moto, tia nta iliyokwanguliwa, koroga mpaka ipotee. Kabla ya kumimina, dondosha tone kwenye sahani baridi na usubiri dakika mbili. Likiteleza, ongeza nta kidogo. Likipasuka kama mshumaa, ongeza shea. Likikunjika chini ya kidole kama samli ya asubuhi, epua. Kalitunsi inaingia mwisho, kisha chupa, kisha karatasi yenye tarehe. Kwangu hayapiti miezi sita.

Siku ya kwanza usipake kiungo. Paka kiasi cha punje ya mchele upande wa ndani wa mkono, subiri mpaka kesho saa kama hiyo. Ngozi ikivimba au kutoa malengelenge, mafuta haya si yako. Ikiwa sawa, anza na kidogo, mara tatu kwa siku, kila siku. Wiki ya kwanza itachoma. Ya pili inapungua. Mimi nilianza kuona tofauti ya kweli wiki ya tatu, nilipogundua nimetunga uzi kwenye sindano bila kulalamika.

Mikono ina ugumu wake kuliko goti, kwa sababu mikono inagusa kila kitu. Napaka, nakaa nusu saa nikisikiliza redio, kisha naosha. Usiku napaka tena na kuvaa soksi za pamba mikononi. Usipake kwenye ngozi iliyochubuka. Usipake ukitoka kuoga maji ya moto, utajuta mpaka alfajiri. Usifunge bandeji juu yake. Mwenye kisukari ambaye miguu au vidole vimeshakufa ganzi asitumie, kwa sababu hatahisi ngozi ikidhurika. Anayenyonyesha au kulea mtoto mchanga atafute njia nyingine. Na niseme wazi kwamba krimu ya kapsaisini ya famasi ina kipimo kinachojulikana, asilimia 0.025 au 0.075, na ya kwangu inategemea pilipili za msimu huo. Aliye na uwezo wa kununua ya famasi, au jeli ya diklofenaki ya kupaka, asione haya.

Naulizwa karibu kila wiki kuhusu njaga. Wateja wananong'ona: shangazi, bangi kwenye mafuta si ndiyo yenyewe? Nawajibu bila kuwaficha. Ni kweli viini vyake huyeyuka kwenye mafuta kama pilipili, na ni kweli kwamba ya kupaka hailevyi kama ya kuvuta kwa sababu kinachoingia kwenye damu ni kidogo sana. Lakini Uganda hii sheria ya dawa za kulevya ilipitishwa upya na Bunge mwaka 2023, baada ya Mahakama ya Katiba kuifuta ile ya awali, na haina mlango wa mwanamke mwenye chupa ya mafuta jikoni. Leseni ni za wawekezaji wanaolima kwa ajili ya dawa. Askari hatakuuliza kama ulikuwa unaipaka au unaivuta. Na hata ushahidi haujanifanya niitamani: Denmark walijaribu vidonge vya CBD, kile kiini kisicholevya, kwa wagonjwa 136 wa viungo vya mikono kwa wiki 12, na maumivu hayakupungua kuliko kwa waliopewa vidonge vitupu. Sitaki kuona mtu wa umri wangu analala rumande kwa ajili ya goti.

Kinachonitia uchungu zaidi ni wale wanaouza na vipaza sauti stendi ya mabasi. Wifi yangu alinunua vidonge vya "mitishamba" visivyo na jina, magoti yakapona kwa siku mbili kama muujiza. Baada ya miezi miwili uso wake ulikuwa umejaa kama mwezi. Muuguzi aliyemwona alisema ishara zote ni za steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe. Dawa ya viungo inayoponya kwa siku mbili, iogope.

Mafuta peke yake hayakunirudisha kwenye mkasi. Asubuhi naloweka mikono kwenye beseni la maji ya uvuguvugu dakika kumi, nikifumba na kufumbua ngumi ndani ya maji, kisha gumba linasalimia kila kidole kwa zamu. Na vishikio vya mkasi nimevizungushia kipande cha tyubu ya baiskeli, vikawa vinene, gumba halibanwi tena. Tabaka nane sizikati siku hizi. Nakata nne, mara mbili.

Wengi wananiomba niwauzie. Siuzi, kwa sababu dawa ya kuuzwa inatakiwa ipimwe na Mamlaka ya Taifa ya Dawa, na mimi ni fundi cherehani. Anayetaka aje Jumapili baada ya saa tisa alasiri, na shea yake, nta yake na glavu. Pilipili ninazo, nimezianika juu ya bati.