Soketi ya laita iliyonilia betri mbili

Gari letu ni Probox. Mama watoto hutengeneza mtindi nyumbani Kahawa West, Nairobi, nami ndimi dereva, mpakuaji na mdai madeni. Tulinunua friji ndogo ya kuchomeka kwenye soketi ya laita, zile za bei nafuu zisizo na kompresa, ili vikombe visifike Githurai vimechacha. Wiki ya pili tu, saa kumi alfajiri, na baridi ya Julai mnaijua, nikazungusha ufunguo nikasikia tik-tik-tik, kisha kimya.

Jirani alitoka amejifunga shuka, akalitazama gari, akanitazama mimi. "Hii ni otomatiki, jirani. Hata tukisukuma hadi Thika haitawaka." Akaleta jampa, tukaazima moto wa betri yake.

Mwezi huo niliazima moto mara tatu. Muuza betri akaipima yangu, akatikisa kichwa, akasema seli imekufa. Nikanunua mpya. Baada ya miezi minne nayo ikaanza kukohoa, nikanunua nyingine. Hakunidanganya, betri zilikuwa zimekufa kweli. Ila hakuna aliyeuliza ni nani anayeziua, na mimi mwenyewe sikuuliza.

Hesabu ni ya darasa la tano. Friji ile inavuta kama ampea 4 bila kupumzika. Betri yangu ni ya ampea-saa 45 (yaani ampea mara saa). Ukiiacha friji imechomekwa tangu saa mbili usiku, kufikia saa kumi alfajiri imeshakula 32, na kilichobaki hakiwezi kuzungusha injini. Halafu betri ya gari haikuundwa kumalizwa hadi chini. Imeundwa kutoa moto mwingi kwa sekunde chache, kisha ijazwe. Kila inapomalizwa, salfeti, aina ya chumvi, huganda kwenye mabamba yake, na ikifanyiwa hivyo mara kadhaa hairudi tena kuwa ilivyokuwa.

Kwa hiyo kabla hujamlaumu muuza betri, zima gari, chomoa ufunguo, subiri kama nusu saa (yapo magari yanayochelewa kukata), kisha chomeka chaja ya simu. Ikiwaka, soketi yako iko hai usiku kucha. Magari mengi ya Kijapani tunayoendesha huku hukata soketi ufunguo ukitoka. Langu halikukata, kwa sababu fundi fulani wa kabla yangu alikuwa ameivutia waya mwekundu moja kwa moja kutoka kwa betri. Niliukuta nyuma ya dashibodi, umefungwa kwa tepu iliyokwisha kuyeyuka gundi.

Nikaenda Kirinyaga Road, kwa mafundi wa magari. Fundi wa kwanza alimaliza kazi kwa dakika kumi: aliukata waya ule, akausokota kwenye waya wa redio unaopata moto ufunguo ukiwa kwenye ACC, yaani hatua ya redio kabla ya injini. Soketi ikawa inazima. Nikamlipa, nikafurahi hadi Allsops, redio ikanyamaza na friji ikanyamaza. Fyuzi ya redio ilikuwa ya ampea 10, na sasa ilikuwa inalisha redio, friji na chaja mbili za simu. Nilipomrudia akasema, "Bosi, tuweke ya 30, shida iishe."

Hapo nikaondoka, nawe ukiambiwa hivyo ondoka. Fyuzi iko pale kuulinda waya. Waya wa redio ni mwembamba. Ukiweka fyuzi ya 30, siku mzigo ukizidi fyuzi itakaa imetulia huku waya ukiungua ndani ya dashibodi, mahali usipopaona. Karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara iliyoviringwa kwenye fyuzi ni dhambi hiyohiyo, nimeiona kwenye zaidi ya gari moja.

Dawa yake ni rilei, na bei yake haifiki ya kilo ya nyama. Rilei ni swichi inayobonyezwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa. Ina miguu yenye namba, na namba hizo ni zilezile kwa karibu rilei zote za magari. Mguu wa 30 unapokea moto kutoka kwa betri. Wa 87 unapeleka moto kwenye soketi. Wa 86 unaungwa kwenye moto unaokuja na kuondoka na ufunguo, na wa 85 unafungwa kwenye bodi ya gari. Mguu wa 86 unavuta sehemu ndogo tu ya ampea moja, kwa hiyo hauusumbui waya unaouazima moto. Ukiuziwa ya miguu mitano, angalia 87a: huo una moto wakati rilei imelala, na ukiutumia kwa kukosea utapata soketi inayowaka ukizima gari. Wenye matatu kubwa za volti 24 waombe rilei ya volti 24, ya 12 itaungua.

Fundi wa pili, mzee mmoja asiye na haraka, alivuta waya wa milimita 2.5 za mraba kutoka kwa betri, akaweka fyuzi ya ampea 15 shubiri moja tu kutoka kwenye betri yenyewe. Nilimuuliza kwa nini si karibu na soketi. "Kijana, waya ukichubuka hapa katikati, fyuzi iliyoko kule mbele itakusaidia nini?" Waya aliupitisha kwenye tundu lenye mpira, si kwenye ukingo wa bati tupu.

Moto wa 86 aliutafuta kwa taa ya kupimia, akigusa fyuzi moja baada ya nyingine huku mimi nikiwasha na kuzima ufunguo. Fyuzi za mikoba ya hewa, breki za ABS na kompyuta ya injini alizipita bila kuzigusa. Alichagua inayowaka kwenye ACC, na naona alichagua vyema: nikiwa nimezima injini nasubiri mteja, friji inaendelea kwa muda kidogo. Kero yake ni kwamba ukiwa unapiga stata ACC hukatika kidogo, na kamera ya dashibodi hujizima na kujiwasha kila mara. Kama unataka kamera irekodi gari likiwa limeegeshwa, ipe njia yake yenye kifaa cha kukata moto betri ikishuka, usiiweke kwenye soketi hii.

Soma pia kitabu cha gari kabla ya kukata waya wowote. Baadhi ya Jeep zina nafasi mbili za fyuzi kwa soketi moja, ya betri na ya ACC, na kazi yote ni kuhamisha fyuzi.

Betri ya sasa ina mwaka na nusu, na asubuhi inasoma volti 12.6. Mama watoto ndiye hakufurahi, kwa sababu friji ikizima usiku mtindi uliobaki unapata joto. Sasa kazi yangu ya mwisho kila jioni ni kuvipandisha vikombe hadi ghorofa ya nne.