Kijiji cha marubani Kajiado: kabla ya kugawana ploti, njia ya ndege iwe ya nani?

Ndugu, umeuliza mwanzie wapi, nyinyi marubani sita mliopata ekari 100 Kajiado na mnataka kila nyumba iwe na hanga lake, yaani banda la ndege. Nimeishi kwenye mpango kama huo huko huko. Anzieni kwa wakili, kabla hata ya mpima ardhi.

Njia ya kurukia isikatwe vipande ikaingia kwenye ploti za watu. Iwe na hati yake, imilikiwe na kampuni, na kila ploti iwe na hisa humo. Anayeuza nyumba auze na hisa. Masharti ya miti, kelele na mchango wa matengenezo yasajiliwe kwenye hati za ploti zote. Kwetu yalibaki kwenye karatasi ya makubaliano tu. Mwenzetu aliyekuwa mwisho wa njia akapata uhamisho, akauza. Mnunuzi hakuwa na habari na ndege, alitaka hewa safi, akapanda mikalitusi uani. Mkalitusi unavyokimbia unaujua. Haikupita miaka mingi, ukija kutua unaona majani kwanza, njia baadaye. Ikabidi tusogeze ndani alama ya mahali pa kutua, kipande kizima kikawa cha kulishia mbuzi. Ungemshtaki kwa lipi? Ploti ni yake.

Na kwa urefu wa njia huko hakuna mzaha. Kwenye mita 1,700 juu ya bahari, joto likifika nyuzi 28 mchana, hewa huwa nyepesi na ndege huruka kana kwamba iko juu ya mita 2,500. Cessna 172 (ndege ndogo ya watu wanne) iliyojaa, ambayo pwani huhitaji kama mita 500 kupaa na kuvuka kizuizi cha futi 50, hapo itataka zaidi ya maradufu. Mimi ningetenga mita 1,200 kwa 60, kingo zikiwemo. Hizo ni karibu ekari 18, bado hujagusa barabara. Mwelekeo uigeni uwanja wa Wilson, Nairobi, 07/25 (yaani nyuzi 70 na 250 za dira), maana upepo wetu mwingi hutoka mashariki.

Chimbeni mashimo kadhaa muone udongo. Ukiwa ule mweusi unaonata, bila kumwaga marram juu, mvua za Aprili zitafanya matope na hamtaruka mwezi mzima.

Vibali ni vya KCAA (mamlaka ya usafiri wa anga), NEMA (mamlaka ya mazingira) na kaunti, kwa kubadilisha matumizi ya ardhi. Kama kati yenu kuna asiye raia, Katiba ya 2010 inampa ukodishaji usiozidi miaka 99, basi wakili apange mapema.

Barabara za ndani msizibane. Za Cameron Park, kijiji cha marubani kule California, zina upana wa futi 100, na vibao vya barabarani ni vifupi ili bawa lipite juu. Ndege ndiyo yenye haki ya kupita, gari lisubiri.

Mkishapata ramani iweke hapa tuitazame. Hasa upande wa mashariki, kama kuna laini ya umeme.