Sloti tupu nayo ni kitu: majibu kwa wasomaji

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi ni fundi kwenye kampuni ndogo ya intaneti hapa Moshi, tuna kabineti za nje Pasua, Majengo, Kiboriloni mpaka Himo huko. Bosi kanipa kazi ya kutoa orodha ya vifaa kwenye Excel niipeleke kwenye databesi. Nimetengeneza tebo moja, kila mstari kabineti moja, afu kolamu zinaitwa kadi_1 mpaka kadi_8. Ilikuwa poa tu mpaka ilipokuja chasisi (boksi la kuchomekea kadi) ya sloti 16, yaani nafasi 16 za kadi, sina pa kuiweka. Na kuna kadi ilihamishwa kutoka Pasua kwenda Himo, sasa inaonekana huku na huku, mhasibu ananiuliza ziko mbili au moja. Niongeze kolamu au nianze upya? (Fundi wa Pasua)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Anza upya, na wala usisikitike, hiyo tebo ya kadi_1 mpaka kadi_8 wengi tumeshaitengeneza, hata mimi. Ukiongeza kolamu leo ukafika 16, kesho inakuja chasisi ya sloti 20 unaanza tena.

Shida yako siyo idadi ya kolamu, shida ni kwamba umechanganya chumba na mpangaji. Sloti ni chumba, kadi ni mpangaji. Mpangaji akihama chumba hakibomolewi, kinabaki pale na namba yake mlangoni kikisubiri mwingine, na mpangaji naye akifika Himo ni yuleyule hazaliwi upya. Kwenye tebo yako sloti haipo kabisa, kuna jina la kadi tu limeandikwa kwenye kolamu, ndo maana kadi ilipohama uliandika jina mara ya pili na ukawa na kadi mbili ambazo dukani ulinunua moja.

Kwa hiyo tengeneza tebo ya vitu, mstari mmoja kitu kimoja: kabineti mstari, raki mstari, chasisi mstari, sloti mstari hata kama iko tupu, kadi mstari, poti mstari. Kila mstari una id yake, aina yake, na kolamu inayoitwa mzazi_id inayosema hiki kiko ndani ya nini, pamoja na nafasi yake humo ndani. Kadi mzazi wake ni sloti, sloti mzazi wake ni chasisi, chasisi iko kwenye raki, raki kwenye kabineti, kabineti kwenye saiti. Kuhamisha kadi inakuwa ni kubadilisha mzazi_id basi. Ila usifute ilipotoka, weka tebo nyingine ndogo ya makazi: kitu gani, kilikaa wapi, tangu lini mpaka lini. Mhasibu akija na swali lake unamfungulia hiyo anaona kadi moja, makazi mawili, tarehe hazigongani.

Hili siyo wazo langu la kijiweni. Vifaa vyenyewe vinajieleza hivyohivyo kwa SNMP (lugha ya kuvihoji vifaa vya mtandao kutoka mbali), kuna kiwango kinaitwa Entity MIB, toleo la RFC 6933 ni la 2013, na humo kuna sehemu inaitwa entPhysicalContainedIn inayosema kila kitu kiko ndani ya namba ipi, ukikuta 0 maana yake hakimo ndani ya kitu chochote. Na sloti humo ina aina yake peke yake na kadi ya kwake. Kwa hiyo swichi kubwa unaweza kuisoma kutoka ofisini ukiwa na chai yako. Kabineti yenyewe, ODF (paneli ya kuunganishia faiba), klosha (kasha la maungio) ya faiba juu ya nguzo, hivyo havina mdomo, lazima uende na tochi.

Tebo ya pili muhimu ni ya modeli. Modeli fulani ya chasisi ina sloti ngapi, urefu U ngapi (U ni kipimo cha nafasi kwenye raki), inapokea kadi za aina gani, andika mara moja tu. Ukisajili chasisi mpya programu izae sloti zake zote tupu palepale, halafu ikatae kadi isiyoingia humo. Hapo unajibu swali ambalo Excel haikuwahi kulijibu: nafasi zimebaki ngapi Kiboriloni kabla hatujaagiza kadi nyingine?

Kitu kimoja usichanganye humo, waya. Kuwa ndani ya kitu na kuunganishwa na kitu ni mambo mawili. Faiba inayotoka poti ya kadi kwenda ODF iweke tebo ya peke yake yenye ncha mbili, ukiilazimisha kwenye mzazi_id utalia. Na usiende mbali mpaka uanze kusajili skrubu na bawaba za mlango jamani, kama kitu hakibadilishwi peke yake wala hakiulizwi na mtu yeyote kiache.

Ili upate kila kilichomo ndani ya kabineti kwa swali moja tumia WITH RECURSIVE, amri ya SQL inayoshuka kutoka mzazi hadi watoto ngazi kwa ngazi. PostgreSQL inayo tangu 8.4 ya 2009, ila MySQL ni kuanzia 8.0 ya 2018, so kama sava yenu bado ina MySQL 5.7 angalia kwanza kabla hujaahidi kwa bosi.

Halafu la mwisho, nilifungua kabineti moja Njiro, vumbi limejaa kwenye feni, sloti ya 3 ina kifuniko cha bati, na kwenye orodha ilikuwa imeandikwa kadi ipo. Siriali namba za kadi nyingi ziko ubavuni, hazisomeki mpaka kadi itoke, na kadi yenye wateja hutoi saa tano asubuhi. Omba muda wa usiku kwanza.

SWALI: Za kazi kaka. Raki yetu hapa Sakina ni ya U 42, mimi nahesabu kutoka chini mwenzangu kutoka juu, juzi nimemwelekeza kwa simu akazima swichi siyo. Nani yuko sahihi? (Dada wa Sakina)

JIBU: Pole dada. Raki nyingi zinahesabiwa kutoka chini lakini siyo zote, kwa hiyo andika namba iliyochapwa kwenye nguzo ya raki yenyewe, na kwenye mstari wa raki weka kolamu ya mwelekeo. U moja ni milimita 44.45, kama nguzo haina namba pima mbandike stika. Kifaa cha U 3 hifadhi U ya chini kabisa na urefu, databesi itajua kimekula zipi, na weka pia mbele au nyuma maana U moja inaweza kubeba kifaa kifupi mbele na kingine nyuma, na huenda mwenzako alikuwa amesimama nyuma.